Simu ya Dirishani

Siku ya tatu baada ya maziko, simu alizopiga marehemu zilianza kuingia.

Aliyekuwa na simu mkononi ni Hajira, dada yake marehemu. Alitaka kuwaambia watu wa Kibaha kwamba khitma imekwisha na wageni wanaanza kuondoka, lakini simu yake mwenyewe, kama ilivyokuwa kila alipokuja Msimbu, haikuwa na mtandao. Akachukua ya wifi yake, Shamsia, dirishani, akatoka nayo nyuma ya nyumba mpaka kwenye kichuguu kilicho ukingoni mwa mikorosho, mahali ambapo Shamsia alizoea kusimama jioni kuongea na mumewe. Kabla hajabonyeza namba yoyote, simu ilitetemeka. Ikatetemeka tena. Ujumbe ulikuwa ule ule, ukijirudia: umepigiwa na namba hii, saa hii. Namba ilikuwa ya Badru. Tarehe ilikuwa ya siku aliyokufa.

Hajira alirudi ndani walikokaa wanawake. Hakuketi. Alisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya mtu anayeita majina darasani, na saa zote alizozisoma zilikuwa kati ya adhuhuri na alasiri.

"Kaka yangu alikuwa anakufa huku anakupigia," alisema. "Wewe umezima simu. Umeiwasha leo, ndiyo maana zinaingia."

Shamsia alikuwa kwenye mkeka, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Alisema hakuzima. Simu ilikuwa dirishani, mahali pake pa siku zote.

"Dirishani inashika. Wote tunajua inashika."

Kisha Hajira akainama, akachukua kitochi cha mama yake, simu ndogo ya vitufe, kilichokuwa kando ya kawa, akakiweka katikati ya mkeka. Siku ile ile, mchana ule ule, kitochi hicho kilikuwa kimelia ndani ya chumba hicho hicho. Shangazi alikuwa amepiga kutoka Maneromango kuulizia harusi, na Bi Zena akaongea naye mpaka akachoka. Kwa hiyo mtandao ulikuwepo, na hilo halikuhitaji ushahidi mwingine.

"Hiki ni cha kizee," Hajira alisema, "lakini hakizimwi."

Wanawake wawili watatu walitazama chini. Bi Zena, mama yake Badru, aliendelea kuvuta tasbihi yake.

*

Habari za mchana ule zililetwa na Amon, aliyekuwa akifanya kazi na Badru huko Kwala. Walikuwa vibarua wa kupakua mizigo. Amon alikuja kutoa pole amevaa shati lililopigwa pasi, akaketi barazani, akaeleza kwa utaratibu, maana aliona ni haki ya familia kujua.

Badru alishikwa na maumivu ya kifua baada ya chakula. Aliketi kwenye kivuli cha kontena akasema yatapita. Amon alimshauri ampigie dada yake aliyeko Kibaha Mailimoja, ambaye angeweza kutafuta gari haraka. Badru alikataa, akasema kwanza mke wangu. Amon akamwambia basi mpigie hata mama. Akasema mama ana presha, asishtuliwe. Akapiga, akaambiwa mteja hapatikani. Akapiga tena. Alipiga mpaka simu ikamteleza kwenye jasho la kiganja. Gari lilipopatikana, alikuwa haongei. Alikufa njiani, kabla ya kufika lami.

Amon angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa mtu mkweli, na watu wakweli mara nyingine hawajui waishie wapi. Akaongeza kwamba usiku uliotangulia alimsikia Badru akiongea na mkewe, hawakuelewana, na kabla ya kukata Badru alisema: haya, sikupigii.

Hajira alimwomba arudie maneno hayo. Akayarudia.

Shamsia aliyasikia akiwa nyuma ya pazia la mlango. Yalikuwa maneno ya kweli. Yeye ndiye aliyeyaanzisha. Badru alikuwa amesema hatakuja tena Ijumaa hiyo, mara ya tatu mfululizo, na yeye, amesimama juu ya kichuguu na mbu wakimuuma miguu, alimwambia: kama huji, usinipigie.

*

Mwanamke wa eda hatoki. Miezi minne na siku kumi anakaa ndani, na kinachomfikia kinapita mlangoni. Kwa Shamsia kilichopita mlangoni kilikuwa kidogo. Majirani walikuja na sukari, wakauliza hali, kisha wakatazama dirishani. Mmoja aliuliza kama simu hizi za kugusa zinaweza kujizima zenyewe, akauliza kwa upole, kama mtu anayempa mwenzake mahali pa kujificha. Shamsia alisema hajui. Akaona kwenye uso wa yule mama kwamba jibu hilo limehesabiwa kuwa kukiri.

Hajira alikuja kila mwisho wa wiki. Simu ya Badru ilibaki kwake. Aliichaji kila siku na hakuruhusu mtu aizime, na alipokaa chini aliiweka mapajani kama mtoto aliyelala. Kila kitochi cha mama yake kilipolia, alisema taratibu, pasipo kumtazama mtu, "Unaona, mtandao upo."

Baada ya muda Shamsia alianza kukosa uhakika. Alikuwa anakumbuka asubuhi ile vizuri: alifagia, akamwandaa binti yake Mwanaidi kwenda shule, akaweka simu kwenye ukingo wa dirisha, kioo kikitazama juu. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Alikuwa bado na hasira. Kati ya kuweka simu na mvua kuanza palikuwa na nafasi ambayo haikuwa na kitu ndani yake, na hasira ikaanza kuijaza. Alijiona akinyoosha kidole. Alijiona akibonyeza kitufe cha ubavuni na kusubiri kioo kiwe cheusi. Mara ya kwanza alijua kwamba anabuni. Miezi ilipopita, picha ikawa na rangi. Ikawa na sauti ya mvua juu ya bati. Jioni, saa ile waliyokuwa wakiongea na Badru, alichukua simu akabonyeza kitufe kile akiangalia kidole chake kama kitasema.

Kioo kiliandika kila mara: Hakuna huduma.

Mwezi wa mwisho wa eda, Hajira alisema alichokuwa amekipanga. Baba mdogo wa marehemu, Mzee Mwinyimadi, angekuja kuketi na familia kuliamua. Eda ikiisha, Shamsia angerudi Dutumi kwa kaka zake. Mtoto angebaki kwa bibi yake, maana mtoto ni wa ukoo na shule yake iko hapa.

"Na wewe Mama unasemaje?" Shamsia alimuuliza Bi Zena usiku huo.

Bi Zena alikuwa akimsuka Mwanaidi. Hakuinua macho. "Mimi namsubiri Mwinyimadi," alisema.

*

Mwalimu Vailet alifundisha fizikia kwenye sekondari ya kata na alipanga chumba nyumba ya pili. Alikuwa Mlutheri kutoka Kibaha, mwenye maneno machache, na kati ya watu wote waliokuja kumwona Shamsia ni yeye pekee ambaye hakutazama dirishani. Siku aliyokuja na sukari yake, Shamsia alimuuliza swali alilokuwa amelibeba tangu khitma. Je, iko njia ya kujua kama simu ilizimwa siku fulani?

Vailet alifikiri kabla ya kujibu. "Hapa hapa, kwa mikono yangu, sina njia hiyo," alisema. "Sitaki kukudanganya."

Shamsia alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Vailet ndipo alipoitazama simu. Aliichukua, akatoa na yake kutoka kwenye pochi, akazishika pamoja. Zote zilikuwa za mtandao mmoja. Yake ilikuwa na vijiti vya mtandao vya kutosha. Ya Shamsia ilikuwa tupu, na walikuwa wamekaa sehemu moja, mkeka mmoja.

"Hii imekuwa hivi tangu lini?"

Tangu aje nayo, Shamsia alieleza. Ndani haishiki, dirishani inashika kijiti kimoja, kwenye kichuguu inashika vizuri. Wamezoea. Walidhani simu kubwa ndivyo zilivyo, zinataka uwazi.

Vailet alifungua sehemu ya kupigia akaandika nyota, reli, sifuri mara mbili, moja mara mbili, reli. Kioo kikawa cheusi chenye maandishi meupe madogo, mistari mingi. Akafanya vivyo hivyo kwenye simu yake. Akasoma kimya, akilinganisha. Kisha akaomba ruhusa, akatoka na simu zote mbili mpaka kwenye kichuguu, na Shamsia alimwona kupitia dirisha amesimama pale pale alipokuwa akisimama yeye, ameinamisha kichwa, anageuka polepole. Alilazimika kuacha kutazama.

Vailet alirudi na viatu vimeshika udongo. Alieleza kama anavyoeleza darasani, bila haraka. Simu inaongea na mnara kwa mawimbi, na mawimbi yamegawanywa kwenye bendi. Mnara wa hapa kijijini unatumia bendi ya nane, megahezi mia tisa. Mawimbi yake ni marefu, yanapinda kilima, yanapenya ukuta. Hiyo ndiyo inayotumiwa na kitochi cha Bi Zena, na simu yake yeye Vailet. Simu ya Shamsia ilikuwa kwenye bendi ya tatu, megahezi elfu moja na mia nane. Bendi hiyo mnara wa hapa hauna. Ilikuwa inaikamata kutoka mnara wa mbali, ng'ambo ya kilima, na ikifika hapa imechoka. Ukuta unaizuia. Hata majani ya mikorosho yakilowa maji yanaweza kuizuia.

"Siku ile kulikuwa na mvua," Shamsia alisema.

"Sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini simu iliyowashwa, ikiwa dirishani hapo, kwenye mvua, inaweza kabisa isipatikane. Na kitochi kando yake kikalia. Ujumbe ungesubiri mpaka simu ifikishwe kwenye kichuguu."

Shamsia aliuliza kwa nini basi simu yake isitumie mnara wa hapa kama nyingine. Vailet alikuwa bado anabonyeza. Alifikia ukurasa wenye majina ya bendi, na jina moja tu lilikuwa na alama.

"Inaweza. Imekatazwa. Kuna mtu aliifunga kwenye bendi hii moja. Mjini vijana wanafanya sana, wanachagua bendi yenye nguvu mtaani kwao ili intaneti ikimbie. Mtaani kwao inafaa." Akaelekeza kidole kwenye ile alama. "Niifungue? Ni kugusa mara moja."

Shamsia alikuwa ameshamjua mtu huyo kabla Vailet hajamaliza sentensi. Alimwona Badru amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Hajira, Mailimoja, siku ya Idi, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akibonyeza. Alimwona akimkabidhi simu kwa mikono miwili kama sahani ya pilau. Nimekuwekea spidi, mama.

"Usiifungue," alisema. "Waione ilivyo."

*

Mzee Mwinyimadi alikuja siku ya mvua. Aliketi barazani kwenye kiti cha plastiki, Hajira na Bi Zena kwenye mkeka, na Shamsia nyuma ya pazia, kama desturi ilivyotaka. Sauti zilipita kwenye kitambaa. Hajira alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri; hakutukana. Alisema kaka yake alikuwa na muda wa kumpigia mtu mmoja, akamchagua mke, na mke akawa amefunga mlango.

"Mama Mwanaidi," Mzee Mwinyimadi aliita. "Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Naomba Mwalimu aje."

Vailet aliingia, akasema shikamoo, akaitikiwa. Hajira aliuliza mambo ya eda yanamhusu nini mtu wa kanisani. Vailet alisema hayamhusu, yeye amekuja kwa ajili ya simu. Mzee alimruhusu. Akaeleza tena, safari hii kwa kifupi, huku Bi Zena akimtazama midomo.

Mzee Mwinyimadi alikuwa ameuza korosho maisha yake yote na hakununua gunia bila kulichoma mkuki wa kutolea sampuli. Alisema maneno ni mazuri, lakini apate kuona. Simu ya Shamsia ikaletwa pazia likiwa limefunguliwa kidogo, ikiwa imewashwa, akaishika mwenyewe, akaona mwanga wake, akairudisha. Ikawekwa dirishani, kioo kikitazama juu. Nje mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mikorosho.

"Mpigie," alimwambia Hajira. "Tumia hiyo ya marehemu. Weka sauti kubwa."

Hajira hakuwa ametarajia kuombwa hilo. Alifungua simu ya kaka yake, ambayo yenyewe ilikuwa ikishika. Jina la mke lilikuwa la kwanza kwenye orodha, chini yake lile lile, na lile lile. Akabonyeza. Kilipita kimya kirefu, kisha sauti ya mwanamke asiyemjua mtu yeyote ikasema barazani: Samahani, mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Bi Zena aliacha tasbihi.

"Rudia," Mzee alisema. Ikarudiwa. Sauti ikasema vile vile, kwa adabu ile ile. Hii ndiyo sauti aliyoisikia Badru kwenye kivuli cha kontena, na kila aliyekuwa pale alilifikiria hilo kwa wakati mmoja. Nyuma ya pazia simu ilikuwa inawaka dirishani, na Shamsia alikuwa anaitazama.

"Haijazimwa," Mzee Mwinyimadi alisema. "Nimeishika mwenyewe." Kisha akageuka upande wa pazia. "Sasa nani aliyeifunga?"

Shamsia aliivuta kanga mpaka kwenye nyusi.

"Mama Mwanaidi. Mwalimu anasema simu haijifungi yenyewe. Kama ni wewe, sema."

"Sikuwa mimi, baba."

"Ni nani?"

Bi Zena alikuwa amegeuza kichwa kusikiliza. Shamsia aliona kivuli cha kichwa hicho kwenye kitambaa, na ile shingo nyembamba, na hakuweza kumtaja mwanawe. Aliyemsikia daktari akisema mama ana presha, asishtuliwe, hakuwa Badru peke yake.

"Ukinyamaza," Mzee alisema, bila ukali, "tutaondoka hapa tukiwa pale pale."

Vailet alikuwa akitazama mahali pengine. Kando ya goti la Hajira palikuwa na simu ya Hajira mwenyewe, nayo ilikuwa imeandika maneno mawili aliyoyajua: Hakuna huduma. Aliuliza kama simu hiyo nayo huwa haishiki hapa Msimbu.

"Msimbu hakuna mtandao," Hajira alisema. Alilisema kwa mazoea, kama alivyolisema kila safari, na alipofika mwisho wake akakitazama kitochi cha mama yake.

Hakumpa Vailet simu. Hakukuwa na haja.

"Ni Badru," alisema. "Hata ya kwangu yeye ndiye aliyeifunga, pale Mailimoja, siku ya Idi. Intaneti iliwaka kama moto. Nikamwambia..." Akaanza upya. "Yeye alisema ya Shamsia tuiache, kule shamba kukoje sijui. Mimi nikamwambia mfungie na mkeo, asije akasema unampendelea dada. Tukacheka."

Mvua ilipungua, na matone ya bati yakasikika moja moja. Bi Zena hakulia. Aliuliza kwa nini mtoto wa watu aliyejua hili hakusema.

"Nilikuogopea wewe, Mama," Shamsia alisema kutoka ndani.

Mzee Mwinyimadi aliivuta kofia yake, akairudisha ilipokuwa. Alisema habari ya Dutumi isizungumzwe tena, si leo wala eda ikiisha. Nyumba ni ya mtoto na mtoto ni wa mama yake. Hakumwambia Hajira aombe radhi. Alimwambia Vailet aifungue simu.

Vailet aliingia ndani. Kama alivyosema, ilikuwa kugusa mara moja. Vijiti vilipanda kwenye kioo mpaka vikajaa, pale pale dirishani, na mvua ikiwa bado haijakatika.

"Piga tena," Mzee alisema. Hakuwa mtu wa kuacha kipimo nusu.

Hajira akabonyeza.

Simu ililia. Badru alikuwa amechagua mlio wa peke yake kwa ajili ya namba yake, na tangu afe haukuwa umesikika ndani ya nyumba ile. Mwanaidi, aliyekuwa jikoni, alitoka mbio mpaka mlangoni, akasimama. Kwenye kioo paliandikwa Baba Mwanaidi, na picha yake kwenye ngazi ya Mailimoja, jua limemfinya macho. Shamsia alikuwa ameketi umbali wa mkono. Hakuunyoosha. Mlio ulizidi kujirudia.

"Pokea, mwanangu," Bi Zena alisema barazani. "Alikuwa anakupigia wewe."

Shamsia aliichukua. Akaiweka sikioni, akasikia mvua mara mbili, ya dirishani na ya barazani, na nyuma ya ile ya pili pumzi za mtu.

"Nipo," alisema. "Sikuizima."

Upande wa pili hapakusemwa kitu, na simu haikukatwa.